Kwenda Toronto kwa Ajili ya Mazimwi ya Oktoba

Tangu nirudi mmekuwa mnanijia dukani mmoja mmoja, na kila mmoja wenu ana maswali mawili. La kwanza mnaliuliza kwa sauti: eti ile sherehe ya mazimwi kwenye bustani ya michezo ya Toronto inafaa mtu kufunga safari mwezi wa kumi, au bora angoje kiangazi chao? La pili mnaliuliza nikishawapa kisogo: ilikuwaje Foibe, mtoto wa kwanza, asirudi kumzika mama yake? Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nashona. Nawaandikia mara moja, msome, kisha mniache na cherehani yangu.

Habari za viza na tiketi siwasimulii, hazina utamu. Anzeni hapa: mdogo wangu Damari ana miaka sita Toronto, yeye na mumewe Bahati, Mkongo wa Bukavu, na binti yao Gracia mwenye miaka kumi na mitatu. Nilipopata nafasi ya kwenda kuwaona, palikuwa na miezi miwili ya kuchagua, Oktoba hii au Juni ijayo. Juni kuna joto na mchana mrefu. Oktoba Damari angepata likizo kiwandani, na Gracia alikuwa ananitumia video kila jioni: watu waliopakwa damu ya bandia, makaburi ya maboksi, moshi mzito, watoto wanapiga kelele kwa raha. Alisema bustani hufungwa majira ya baridi yakikaribia, na kwamba mtu akija Juni atakuta bembea tupu, mazimwi hakuna.

Mama alikuwa anaishi kwangu, mnajua, miguu imevimba, moyo unaenda kwa vidonge. Nilimwonyesha zile video. Akacheka mpaka akakohoa. "Hawa wana njaa ya kuogopa," akasema. "Nenda ukamwone mdogo wako. Mimi siendi kokote."

Nikachagua Oktoba.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Nilimwacha mama na baba mdogo Yohana na mkewe, ambao tunatenganishwa na ukuta tu. Aliniombea akiwa amekaa kitandani, mkono kichwani kwangu, akaomba muda mrefu mno hadi dereva wa bajaji akaanza kupiga honi. Nikakata ile sala kwa kusema "Amina" kabla yake. Hilo nalijutia kuliko yote mtakayoyasoma hapa, basi nimelisema mapema.

Treni ya umeme ilikwenda kasi hata sikupata nafasi ya kulia vizuri. Nilikuwa bado natafuta leso kwenye mkoba watu wakaanza kushusha mizigo.

Addis Ababa, saa kumi na moja za kungoja

Tulipofika Addis tukaambiwa kuna ukungu mbele, ndege haiondoki. Watu wakalala chini kama magunia. Tukagawiwa chakula, na sahani yangu ilikuja na kitu kilichoviringishwa vizuri, cha rangi ya kijivu, chenye matundu madogo madogo. Mimi ni fundi, nikaona ni kitambaa cha mezani chenye mfumo mzuri, nikakikunjua na kujitandikia magotini. Mzee mmoja wa Kigoa aliyekaa mbele yangu akaweka kijiko chini.

"Mama," akasema kwa Kiswahili cha zamani, kilichonyooka, "hicho ni chakula."

Tulicheka sana, na hata nilipokuwa nafuta mchuzi kwenye sketi tulikuwa bado tunacheka. Aliitwa Mzee Fransisi, mzaliwa wa Moshi, sasa anakaa Mississauga, mji jirani na Toronto, na wajukuu. Nilipomwambia naenda kuona mazimwi, akakunja uso. "Umeacha nyumba yako kwenda kuona watu waliojipaka rangi? Ungekuja Julai ukaona maji, ukala mahindi ya kuchoma ufukweni." Nikamwambia mtoto ameomba. "Watoto huomba," akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Nilimpigia mama kutoka pale. Aliuliza nimekula nini, nikamsimulia, akataka nirudie mara mbili ili mke wa baba mdogo naye asikie.

Uwanja wa ndege hadi Rexdale

Afisa wa forodha alifungua sanduku langu akatoa pakiti tatu za mlenda mkavu, uliosagwa na mama mwenyewe. Akaunusa. Akauliza ni nini. Kiingereza changu kilifika mpaka "mboga" kikaishia hapo, kwa hiyo nikamwonyesha kwa mikono jinsi unavyovutika ukiiva, nikinyanyua vidole juu na kuvishusha. Akamwita mwenzake. Nikarudia. Mwishowe walichukua pakiti mbili na kuniachia moja, na mpaka leo sijui ni sheria gani inayokataza mbili na kuruhusu moja.

Damari alikuwa nje ya mlango, amekonda, amevaa koti linalomfika magotini. Tulishikana tukalia mpaka Bahati akasema, "Bon, shemeji, mutalilia nyumbani, hapa tunalipia gari." Gracia, aliyeondoka Dodoma ana meno ya mbele yanayocheza, sasa ananipita kimo. Aliniambia, "Hi, Auntie." Nikamwambia mimi siitwi hivyo, mimi ni mama mkubwa. Akatabasamu, akaendelea kuniita Auntie.

Wanakaa mtaa wa Rexdale, ghorofa ya kumi na moja, jengo refu la matofali ya kahawia, jirani na mabasi ya barabara ya Kipling. Dirishani unaona maghala, na ndege zinashuka siku nzima. Wiki ya kwanza niliwapunguzia suruali, nikatia zipu mpya kwenye makoti mawili ya jirani, nikapika mlenda wa ile pakiti moja. Damari alikula, akalamba vidole, akasema ni wa mama kweli. Kila siku tulimpigia. Ijumaa sauti yake ilikuwa nzito kidogo, akasema ni mafua.

Jumamosi asubuhi

Siku ya bustani ilikuwa Jumamosi. Saa moja asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha chai, Damari yuko bafuni, simu ikalia. Baba mdogo Yohana.

"Foibe, uko na nani hapo?"

"Peke yangu."

"Kaa chini, mwanangu."

Mtu akiambiwa akae chini ameshaambiwa. Mama alikuwa amepumzika saa sita mchana ya kwao, mkewe akiwa anamnywesha uji. Baba mdogo hakunipa nafasi ya kulia. "Wewe ndiye mkubwa, nimekwambia kwa sababu hiyo. Damari usimwambie. Presha yake unaijua, naye yuko ugenini. Mwambie mumewe aite mchungaji na watu wa kanisa, jioni aambiwe akiwa katikati ya watu. Mpaka hapo, jikaze."

Ninyi mnaujua utaratibu huu, si wa kuelezwa. Msiba hausemwi kwa mtu aliye peke yake. Hata alipofariki Mzee Lameki mlimwambia mkewe "mumeo anaumwa kidogo, njoo" mpaka akafika akakuta turubai limefungwa. Nami nimeshawahi kuwa miongoni mwa wanaoficha, na nilijiona nina busara.

Nikamvuta Bahati koridoni nikamwambia kwa kunong'ona. Macho yake yakajaa maji, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akafungua kinywa, akakifunga. Nikasema labda bustani tuiache. Akatikisa kichwa.

"Mukibaki, ataanza kuuliza. Muende tu, shemeji. Mimi nitabaki natengeneza nyumba, wamama wa kanisa watakuja kupika. Mutarudi saa kumi na mbili."

Lilikuwa na maana. Tiketi zilikuwepo, Gracia alikuwa ameshavaa. Damari alitoka bafuni na macho mekundu, akasema sabuni imemwingia. Nikamwonea huruma, nikasema moyoni, maskini, hajui.

Mabasi matatu

Bahati alihitaji gari, kwa hiyo tulikwenda kwa mabasi. La kwanza lilichelewa, la pili lilisimama njiani bila maelezo kwa karibu nusu saa, abiria wote wakatazama simu zao kwa utulivu uliotaka kunitia wazimu. Miti huko Oktoba huwa myekundu na ya manjano, na watu husafiri kuja kuiona. Mimi niliona majani yanayokufa.

Damari alikuwa anaongea bila kituo. Bei za viatu, jirani mwenye mbwa, kiwanda kilivyobadilisha zamu. Mara ananishika mkono, mara ananifunga skafu vizuri, mara ananiuliza kama nimekula vya kutosha. Nilidhani ni furaha ya kutoka matembezi na dada yake. Kila nilipotaka kulia niligeukia dirishani nikahesabu nguzo za taa. Mara moja nilimwona kwenye kioo naye ameelekea dirisha la upande wake.

Ndani ya bustani

Sasa jibu la swali lenu la kwanza, kwa haki. Ni pakubwa, kuna foleni kila mahali. Treni za kupinduka hewani zinanguruma juu ya kichwa. Maboga kila kona. Mazimwi wanatoka kwenye moshi wakiburuza vyuma chini. Mimi macho yangu huenda kwenye pindo kabla ya uso, na nawaambia mavazi yale yameshonwa ovyo, nyuzi zinaning'inia, ingawa Gracia alisema ndivyo yanavyotakiwa. Chakula ni unga wa maandazi uliomiminwa kwenye mafuta ukawa kama kiota, ukanyunyizwa sukari. Damari alinunua sahani tatu. Yeye hakugusa, mimi nilishindwa kumeza, Gracia akala zote akishangaa bahati yake.

Katikati ya njia walikuwa wametengeneza makaburi. Mawe ya maboksi, misalaba imeinamishwa, udongo wa kweli umerundikwa, na mkono wa mpira unachomoza. Watu wanapiga picha wamelala hapo. Gracia alinivuta.

"Auntie, njoo, lala hapa! Picha ya kumtumia bibi."

Niliwaza kwamba huko Dodoma vijana wataamka kutafuta majembe. Damari alimkaripia mtoto kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Gracia! Mwache mama mkubwa!" Watu wakageuka. Mtoto akanywea. Damari akacheka haraka haraka, akasema dada haipendi baridi ya chini.

Jua lilipoanza kushuka tukaingia kwenye nyumba ya kutisha, kwa sababu Gracia alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Giza, ukumbi mwembamba, mapazia yenye unyevu yanakupapasa uso. Zimwi likaruka kutoka ukutani. Kwetu mtu akishtuka huita mama, na Damari akaita. "Mama!" Kisha hakunyamaza. "Mama! Mama! Mama yangu!" Alishika ukuta akawa anapiga kelele zinazotoka tumboni, na zimwi likarudi nyuma. Nami nikapata mwanya. Nikaita pamoja naye. Niliita mama kwa nguvu zangu zote, machozi yananitoka, nikijua hakuna atakayeniuliza kwa nini, maana ndiyo kazi ya nyumba ile.

Zimwi lilivua sura yake. Ndani mlikuwa na msichana mwenye jasho, akatuuliza kwa upole kama tuko salama, akawasha tochi akatutoa kwa mlango wa pembeni. Tukakaa kwenye benchi. "Nimeogopa tu, dada," Damari akasema, anafuta pua. "Hata mimi," nikasema. Gracia alikuwa ananitazama mimi, kisha mama yake, hajui acheke au aombe radhi. Nilimwambia ilikuwa nzuri sana.

Ghorofa ya kumi na moja

Koridoni viatu vilianzia kwenye lifti. Nilimtazama Damari nikingoja aone viatu na kuelewa. Nilikuwa nimejiandaa kumdaka. Hakushtuka. Ndani fenicha zimesogezwa, wanawake wa kanisa wamekaa chini na vitenge, sufuria linachemka. Mchungaji akasimama, akatuomba tukae, akaanza: "Mungu aliyetoa ndiye aliyetwaa..."

Nikanyanyuka kumshika Damari asianguke. Yeye alikuwa ameshanyanyuka kunishika mimi. Tukagongana vifua katikati ya zulia, kila mmoja amenyoosha mikono.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Tangu alfajiri. Kwenye kundi la ukoo mtu aliandika pole, akafuta. Nikampigia mama mdogo. Akaniambia nisikwambie, utazimia ugenini, ningoje mchungaji. Na wewe?"

"Saa moja. Baba mdogo."

Baba mdogo alikuwa amemwambia mmoja, mkewe mwingine, ndani ya nyumba moja, bila kuambiana. Na Bahati alijua pande zote mbili. Nilimgeukia na hasira ambayo siwezi kuielezea. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Kila moja wenu alinikataza," akasema. "Mulinipatia neno la kuficha. Ningefanya namna gani? Nikasema, wakienda pamoja siku nzima, mmoja atasema."

Hakuna aliyesema. Siku pekee tuliyokuwa na haki ya kulia pamoja tuliimaliza kwenye foleni, tunafichana, katikati ya watu wanaolipwa kutisha. Tukalia pale zuliani, lakini kilio kile kilikuwa kimechelewa, nasi sote wawili tulijua.

Gracia ndiye aliyeumia kwa namna yake. Alisimama ukutani na koti lake bado mwilini. "Mlijua wote? Na mkaniacha nacheka?" Kisha kwa Kiingereza, haraka, maneno ambayo Damari alinitafsiria baadaye: kwamba yeye ndiye aliyenitoa kwa bibi, kwa sababu ya mazimwi. Nilimfuata chumbani nikamwambia si kweli, uamuzi ulikuwa wangu. Alijifunika blanketi usoni.

Baba mdogo alipiga tena: wangesubiri mpaka Alhamisi nikiweza kufika. Damari hangeweza; makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa, akitoka huenda asirudi tena kwa mtoto wake. "Nenda, dada," akasema. "Mmoja wetu awepo." Jumapili nikaanza kufunga sanduku. Nilipoingia bafuni kuchukua mswaki nikamkuta Damari amekaa sakafuni, bomba limefunguliwa lote, taulo mdomoni, ili Gracia asisikie. Alikuwa analia mwili mzima bila sauti. Nikafunga bomba. Nikampigia baba mdogo nikamwambia zikeni, mimi nabaki.

Baba mdogo akasema, "Watu watasema." Nikamwambia waseme. Mmesema, nimesikia.

Tulimzika Jumanne, saa mbili asubuhi ya Toronto, saa tisa mchana kwenu, kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Picha ilikuwa inakatika. Mliimba, tukaimba nyuma yenu kwa sekunde mbili. Mchungaji wa kwetu akaita watoto wa marehemu waje na udongo, na pale kando ya kaburi pakawa wazi, hakuna aliyesogea. Kisha nikamwona baba mdogo, goti lake baya lile, anainama. Akachota. "Huu wa Foibe." Akainama tena. "Huu wa Damari." Bahati akatoka kwenda koridoni.

Kurudi Dodoma

Nilikaa mpaka katikati ya Novemba. Damari alirudi kiwandani baada ya siku tano. Nilikuwa namsubiri jioni na ugali, tunakaa kwenye giza la mapema tukimtaja mama kidogo kidogo, alivyokuwa anachagua karanga, alivyokuwa anamkaripia marehemu baba. Nguvu zilimrudia taratibu. Gracia alianza kukaa nasi, mara nyingine akauliza jambo kuhusu bibi yake, nami nikamjibu. Hakutaja bustani tena, na mwezi ule bustani ilikuwa imeshafungwa.

Uwanja wa ndege Damari alinishika mabega yote mawili. "Dada, nimewaza sana. Ungengoja Juni, ungemfumba mama macho, hilo najua. Lakini mimi ningeipokea habari ile kazini, nimevaa glavu, nimezungukwa na mashine, bila mtu hata mmoja wa kwetu. Mungu alikuleta Oktoba kwa ajili yangu." Kisha akaniuliza, akinitazama machoni kama mtoto: "Ilifaa, si ndiyo?"

Nikamwambia ilifaa. Gracia alikuwa amesimama karibu, anasikiliza, nikalirudia ili naye alisikie.

Njia nzima ya kurudi, Addis, Dar, kwenye treni, hadi nilipofungua chumba cha mama nikakuta godoro limeegemezwa ukutani, nilikuwa na jibu jingine. Ningengoja Juni. Nikirudishiwa uchaguzi ule leo, hata nikijua Damari atalia peke yake na glavu mikononi, ningengoja Juni.

Sasa mmejibiwa maswali yote mawili. Lakini Damari huwapigia ninyi pia, na siku moja Gracia atakuja kuona kaburi. Wakiwauliza, waambieni nilisema Oktoba ilifaa.